Moto wa Kuibwa na Moto wa Kuombwa

Wasomaji wetu wanaokumbuka Matendo ya Mitume, sura ya 14, wanajua ya kuwa watu wa Listra walimwita Barnaba Zeu, na Paulo Herme. Hayo yalikuwa majina ya miungu ya Wayunani, na huyo Zeu ndiye Zeus wa hadithi zao za kale. Leo twataka kuzipima hadithi zao juu ya moto. Kila nyumba, Temeke hata Kinondoni, yahitaji moto. Na hadithi isemayo moto ulitoka wapi yafundisha pia nani astahili heshima.

Katika habari hii Wayunani walikuwa na watatu. Hephaestus alikuwa mhunzi, kilema wa miguu. Hestia alikuwa mlinzi wa meko. Wa tatu ni Prometheus, wa ukoo wa Titani, aliyeuiba moto. Watu wengi humsifu huyo wa tatu na kuwasahau wenzake. Sisi twaona sifa hiyo haikugawanywa kwa haki.

Tumsikilize kwanza Hesiod, mshairi wa miaka kama 700 kabla ya Kristo. Asema ya kuwa Prometheus alimdanganya Zeus katika kugawa nyama ya ng'ombe, akaifunika mifupa kwa mafuta meupe. Zeus akakasirika, akawaficha wanadamu moto. Prometheus akauiba ndani ya bua lenye uvungu. Akafungwa minyororo, na tai akamla ini mchana, nalo likakua tena usiku. Mpaka hapa hadithi ina nguvu. Lakini Hesiod aendelea kusema ya kuwa Hephaestus aliamriwa kumfinyanga Pandora kwa udongo, awe adhabu kwa watu, naye akafunua mtungi wa mabaya. (Ulikuwa mtungi hasa, habari ya sanduku ilitokana na kalamu ya Erasmus katika karne ya 16.)

Hapo ndipo tumlaumupo mshairi. Aliyedanganya ni mwanamume, aliyekasirika ni mwanamume, na mzigo ukatwikwa kichwani pa mwanamke. Lakini apulizaye moto alfajiri, machozi ya moshi yakimtoka, ni nani? Kumwita huyo adhabu ya moto ni kulipa wema kwa ubaya.

Mchezo wa Prometheus aliyefungwa, uliopokewa kwa jina la Aeschylus, una hekima zaidi. Mwanzo wake twamwona Hephaestus ameamriwa kumpigilia jamaa yake mwambani. Nguvu na Jeuri wamesimama karibu; Nguvu amhimiza, naye afanya kazi huku akiuchukia ustadi wa mikono yake mwenyewe. Neno hilo ni kweli sana, maana nyundo ifuayo jembe ndiyo ifuayo pingu. Tena Prometheus ahesabu alivyowapa watu: hesabu, herufi, dawa, na vyombo vya baharini. Hivyo moto wawa mwanzo wa elimu, wala si habari ya wizi tu.

Na Hestia je? Hadithi zake ni chache, kwa kuwa hakuiba wala hakupigana. Hata hivyo Wayunani walimtolea sadaka ya kwanza na ya mwisho. Kila mji ulikuwa na meko yake ya wote, na waliokwenda kujenga mji mpya walichukua moto kutoka meko ya mji waliouacha. Twadhani watu wa pwani yetu wangemfahamu Hestia upesi kuliko Prometheus. Katika desturi ya kwetu, mtu aliyezimikiwa na moto alikwenda kwa jirani kupaa moto, makaa mawili matatu juu ya kigae. Moto wa jirani haukupungua, wala mwizi hakuhitajiwa. Basi hadithi ya mwizi wa moto huzaliwa pale tu ambapo mwenye moto amekataa kutoa. Kosa kubwa ni la Zeus, aliyenyima kitu kisichopungua kwa kugawanywa.

Wayunani wenyewe walilijua jambo hili kwa matendo. Huko Athene walishindana kukimbia na mienge kutoka madhabahu ya Prometheus mpaka mjini. Pausanias aandika ya kuwa mkimbiaji aliyezimikiwa na mwenge alikosa ushindi, hata kama ametangulia. Mbio peke yake hazikutosha. Ilipasa moto ufike ungali hai.

Kwetu Mwenge wa Uhuru uliwekwa juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961 na Luteni Alexander Nyirenda, na mtaa wa Mwenge katika Kinondoni una jina hilo hilo. Hatusemi ya kuwa desturi hii ilitoka kwa Wayunani. Mwalimu Nyerere aliinena nuru ya Kilimanjaro mwaka 1959, akitaka imulike hata nje ya mipaka. Nuru hiyo ilikusudiwa kugawiwa, na hapo ndipo ipitapo hekima ya Zeus.

Basi tukiwasimulia watoto habari za Prometheus, tuwaambie ushujaa wake, kwa kuwa ni wa kweli. Kisha tuwaulize maswali mawili: Nani aliyenyima moto? Na ulipokwisha kuletwa, nani aliyeulinda usizimike?