Goti kwa Goti

Kumtoa kitandani mtu mzima aliyepooza upande wa kulia si kazi ya misuli. Anayetegemea misuli humkamata mgonjwa kwapani na kuuvuta mkono uliolegea, na kwa kuwa nyama zilizokuwa zikilishikilia bega zimelala, mfupa hushuka kutoka mahali pake na maumivu yakakaa miezi. Mama ninayemwandika hapa ni mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Bahati, kwenye miinuko iliyo kaskazini ya Nakuru. Mumewe alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Nimemtazama akimwamsha asubuhi nyingi, na kila nikitazama naona jambo lililonipita mara ya kwanza.

Kiti hukaa upande wa kushoto, ulio mzima, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Humlaza mzee kiubavu, humteremsha miguu, kisha humketisha ukingoni. Halafu hamharakishi. Presha ya mtu aliyelala usiku kucha huweza kuanguka akiketi ghafla, kwa hiyo husubiri macho yatulie. Huzisogeza nyayo za mzee nyuma kidogo ya magoti, akaweka goti lake mbele ya goti gonjwa ili lisikunjike. Kiganja kimoja nyuma ya bega, kingine kwenye mshipi wa suruali. "Inama, mzee. Inama tena." Pua ya mzee ikishafika juu ya vidole vya miguu, uzito huhamia kwenye nyayo na makalio yanaachana na godoro. Hapo hakuna aliyemwinua. Ameinuka.

"Haya," husema mzee. Mwaka wa kwanza hilo ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

Majirani humsifu mama huyu kwa moyo wake. Anao moyo, lakini sifa hiyo inaificha kazi yenyewe, kana kwamba mapenzi peke yake yanaweza kumwonyesha mtu mahali pa kuweka goti. Alifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wengi bado wanaiita PGH, na yaliyobaki ameyapata kwa kutazama. Aligundua kwamba chai, iliyo nyepesi, ilimpalia mzee, ilhali uji mzito wa wimbi ulipita salama, mradi ameketi wima na kidevu kimeinama. Shati huanza na mkono mgonjwa. Likivuliwa, mkono huo huwa wa mwisho. Usiku humgeuza kabla ngozi haijachubuka. Njia ya kwenda chooni ina fito za mkaratusi zilizopigiliwa kwa urefu wa kiganja cha mzee, si cha fundi.

Ninachokistaajabia kuliko vyote ni pale anapojizuia. Wana wao wakija kutoka Nairobi humfunga baba yao vifungo mara moja, kwa huruma, na mama huwaambia, "Mwacheni." Mzee huhangaika na kifungo kimoja hadi chai ipoe, naye mama akiwa karibu, mikono yake mapajani. Huingilia pale tu uso wa mzee unapogeuka kutoka juhudi kwenda kukata tamaa, na hata hapo hushika kitambaa tu, hagusi kifungo. Mpaka huo haumo katika karatasi yoyote ya hospitali. Akiingilia mapema, kidole hakijifunzi. Akichelewa, mzee hatajaribu kesho.

Wakati wa mavuno humwekea hindi mapajani alipukuchue kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiwa mfukoni mwa sweta. Hakuisoma popote hila hiyo, lakini ina ndugu yake katika sayansi: utafiti uitwao EXCITE, uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliwavisha wagonjwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa majuma mawili ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na ule dhaifu ukapata nafuu iliyodumu. Ubongo uliopoteza sehemu yake unaweza kuipa kazi sehemu nyingine, lakini hufanya hivyo kwa kurudia-rudia.

Maneno nayo aliyavuta kwa wimbo. Jumapili moja, mzee ambaye hakuweza kuomba maji aliimba ubeti mzima wa tenzi. Wataalamu wa Boston walianza mwaka 1973 kueleza mbinu ya kurudisha usemi kwa kupitia lahani; mama alianza na kile alichokisikia nyumbani mwake. "Maji" aliliimba kwanza, kisha akaipunguza sauti kidogo-kidogo mpaka likabaki neno la kawaida. Leo mzee hutamka sentensi fupi.

Sitaki kudai zaidi ya ninachokijua. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya ATTEND, utafiti wa India wenye wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Jamaa walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita haikuonekana tofauti katika vifo wala utegemezi. Nauheshimu utafiti huo. Ndiyo maana sisemi kwamba mikono ya mama imeuponya ubongo wa mumewe. Nasema mzee hajawahi kuanguka akiwa mikononi mwake, bega lake haliumi, ngozi yake ni nzima, na siku yake ina mambo anayoyafanya mwenyewe.

Wazee wa upande huu wanamkumbuka mwanasiasa Kenneth Matiba, aliyepata kiharusi akiwa kizuizini, akarudi kutoka matibabu ya London mwaka 1992 na mwaka huohuo akawa wa pili nyuma ya Rais Moi katika uchaguzi wa urais. Aliishi na athari za kiharusi hicho hadi Aprili 2018. Mkewe, Edith, alikuwa naye. Kura za Matiba tunazijua. Ningependa mtu angeandika pia jinsi asubuhi za nyumba ile zilivyopangwa, kwa kuwa ufundi wa namna hiyo ukiachwa bila kuandikwa, kila mke na kila mume huanza upya, na anayelipia somo ni bega la mgonjwa.

Mhudumu wa afya ya jamii hupita na mashine ya presha. Mama ameomba kupimwa naye pia, maana mgongo na moyo wake ni sehemu ya matibabu.

Kazi iliyo mkononi sasa ni zizi. Mzee anataka kuwafikia ng'ombe, na zizi liko chini ya mteremko ambao mvua ya Aprili huugeuza tope. Wamekubaliana: kushuka, fimbo na mguu mgonjwa hutangulia, kupanda, mguu mzima huongoza, mama hukaa upande wa kulia, nusu hatua chini yake. Kijana aliyekuja kuchimba ngazi alikuwa ameshapiga jembe la kwanza alipoambiwa asimame. Mama alileta kiatu cha mzee, akakiweka udongoni, akaongeza upana wa kiganja mbele kwa ajili ya vidole vinavyoburura, kisha akamwambia achimbe kwa kipimo hicho, na kimo kisizidi kile cha kizingiti cha jikoni, ambacho mzee tayari anakivuka.