Raba Iliyofungwa Kati ya Chuma

Kati ya kazi zote za gereji za Kahawa Wendani, ninayoiheshimu zaidi ni ya fundi anayelala chini ya gari, akapachika mtaimbo kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu na kuusukuma polepole huku akiikodolea macho bushi, ile raba ya kwenye maungio yake. Raba ikiwa imepasuka, mkono unacheza, naye anajua kwa nini gari linavuta upande likifungwa breki.

Magari yetu huja na uzee wake. Sheria ya Kenya huruhusu gari lililotumika liingie mradi halijapita miaka 8, kwa hiyo Subaru huteremshwa Mombasa ikiwa na raba zilizoanza kukauka Japani, kisha inakabidhiwa matuta ya mitaa yetu. Na Subaru hapa hupendwa kwa dhati. Impreza ya dereva Colin McRae ilishinda Safari Rally mwaka 1997, na mapenzi hayo hayajapoa.

Mwenye gari anataka limfikishe kazini Jumatatu kupitia Thika Road, na wikendi akimbie nalo kwenye mashindano ya kupimwa kwa saa. Dukani ataambiwa anunue seti nzima ya bushi za poliyurethani, yaani poli, ngumu na za rangi nyekundu. Fundi hodari hakubali upesi. Atauliza kwanza: mkono huu unasogea vipi?

Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma ndani na nje. Haitelezi; hujisokota mkono unapopanda, kisha hujirudi. Poli huzunguka juu ya bomba lake, ndiyo maana hutaka grisi ya silikoni na hulia ikikauka. Mbele, mkono unapopanda na kushuka kwa mstari mmoja, poli inafaa sana: tairi hushika pembe yake kwenye kona, na usukani hujibu mara moja. Nyuma mambo hubadilika. Mkono unaolala kwa urefu wa gari hupanda na papo hapo hupinda kando. Ukiubana kwa poli ngumu, unakwama, na gurudumu linashindwa kuifuata barabara. Hapo mimi ningebaki na raba, labda ile ngumu kiasi ya Group N iliyotengenezewa rali. Chaguo jingine, beringi za chuma tupu badala ya bushi, hazibonyei hata kidogo, lakini vumbi la Ruiru litazila. Ziachiwe gari lisilotumwa sokoni.

Hata chaguo zuri huharibiwa na spana ya haraka. Bolti ya bushi ya raba ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, raba hukaa imesokotwa tangu siku ya kwanza na huchanika mapema. Fundi ninayemwamini huiacha bolti ikiwa legevu, hushusha gari, hulitikisa hadi litulie kwenye kimo chake, ndipo anakaza. Kisha hulipeleka alainimenti, maana bushi mpya zimeyarudisha magurudumu mahali tofauti na yalipozoea kukaa.