Ngitili Ikifungwa

Mvua za kwanza zikishanyesha Shinyanga, mfugaji wa Kisukuma anayeijua kazi yake halishi kila penye majani. Hutenga kipande, akakifunga, na hakigusi mpaka kiangazi kikolee, mwezi wa saba au wa nane, malisho ya kwingine yakiwa yamekwisha. Hiyo ndiyo ngitili. Mgeni ataona pori tu lililotelekezwa, kwa kuwa mara nyingi halina hata uzio.

Ustadi wenyewe huonekana siku ya kufungua. Haifunguliwi yote. Ndama, ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wazee na wagonjwa ndio hutangulia, tena huingizwa sehemu moja kwanza. Ikishaliwa, wanahamia ya pili. Mfugaji akikosea hesabu, mvua zitarudi zikute zizi la mifupa. Miti nayo hupogolewa matawi ya kuni, shina likaachwa.

Ufundi huu nusura upotee. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakatanuka, kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu na miche, ya kigeni mingi. Wenyeji wakataka ngitili. Bahati nzuri walisikilizwa, maana mizizi na visiki vilikuwa bado hai ardhini, vikingoja kupumzishwa tu. Kufikia 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, nyingine za kaya, nyingine za kijiji kizima. Sheria zilipangwa na wanakijiji wenyewe, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijibu kwa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Tanzania imeahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 5.2 ifikapo 2030, chini ya mpango wa Afrika wa AFR100. Ahadi ya ukubwa huo haitimizwi na miche ya serikali peke yake. Inahitaji watu wanaojua lini pafungwe na lini pafunguliwe.

Wanyama hawakungoja ahadi. Watafiti waliorodhesha aina 145 za ndege ndani ya ngitili. Fisi nao wakarudi, na hapo si kila mwenye mbuzi aliyepiga makofi. Ningekuwa mpanga mipango wa taifa, ningeanza na hesabu ya mbuzi wanaoliwa na fisi hao.