Dakika 33 Zilizobeba Usiku Mzima

Wapenzi wa bendi za jam, zile zinazochukua wimbo wa dakika 5 na kuuzungusha jukwaani karibu nusu saa kwa kubuni papo kwa papo, wana mazoea ya kusifu uhuru. Waulize kwa nini santuri ya kwanza ya Allman Brothers Band, iliyotoka Marekani Novemba 1969, bado inasikilizwa, na wengi watakujibu kuwa vijana wale walipiga walivyojisikia. Mimi naona kinyume chake. Santuri ile ina nyimbo 7 na dakika 33 tu, na katika sehemu kubwa ya dakika hizo hakuna anayejipigia anavyotaka. Kilichoidumisha ni ujenzi: nguzo zilichimbiwa kwanza, ndipo uhuru ukapata pa kuegemea.

Tuanze na wimbo wa mwisho, “Whipping Post”, kwa kuwa ndiko nguzo zinakoonekana wazi zaidi. Gregg Allman, mwimbaji na mpiga kinanda, alisimulia kwamba maneno yalimjia usiku, watu wamelala, karatasi haipatikani. Akawasha njiti za kiberiti, akazizima, akayaandika kwa masizi yake kwenye kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Kisa hicho hupendwa sana, ila kinachoushika wimbo si maneno. Ni besi ya Berry Oakley, inayofungua peke yake kwa hesabu ambayo mguu wa msikilizaji haukubaliani nayo mara moja: mapigo 11 katika mzunguko mmoja. Hesabu polepole: moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili tatu, moja mbili, halafu tena mwanzo. Sikio limeshazoea tatu, linaingoja tatu ya nne itimie, na kabla haijatimia mzunguko mpya umekwishaondoka. Ni kama kushuka ngazi gizani ukakuta kidato kimoja kimepungua. Gregg mwenyewe hakujua kuwa ametunga kwa 11. Yeye alisikia tatu tatu, kisha mbili za kurukia tena mwanzo, na kaka yake Duane ndiye aliyemfungua macho. Sasa sikiliza beti zinapoingia. Hesabu inanyooka, tatu zote zinatimia, na mwili uliokuwa umekazwa unaachiwa pumzi. Mstari wa 11 ukirudi, mkazo unarudi nao. Mpiga gitaa anayeingia hapo kupiga solo halazimiki kuanza kutafuta hisia. Anaikuta imeshapandishwa na hesabu yenyewe, kazi yake ni kuamua aipeleke wapi.

Nguzo nyingine ni mgawanyo wa kazi. Bendi ilikuwa na wapiga ngoma wawili, jambo ambalo lingeweza kuzaa fujo tupu. Butch Trucks alishika mwendo mzito, ulionyooka, usiotikisika. Jaimoe, aliyekuwa amepigia Otis Redding na Percy Sledge huku moyo wake ukiwa kwenye jazi, alipita katikati ya mwendo huo akijaza mianya. Magitaa nayo yaligawana kwa njia isiyo ya kawaida. Msikilizaji wa muziki wa dansi, aliyezoea kila gitaa liwe na cheo chake, solo huku na rithimu kule, atashangazwa na Duane Allman na Dickey Betts: wote wawili ni solo. Katika wimbo wa kwanza, uliotoka kwa Spencer Davis Group na hapa ukavuliwa maneno yote, wanashika melodi moja kwa sauti mbili, mmoja juu ya mwenzake, kama waimbaji wawili wa kwaya. Huwezi kufanya hivyo kwa kubahatisha. Ni lazima mmekaa chini, mmekubaliana noti kwa noti, mkarudia mpaka vidole vikakariri.

Pingamizi la haraka ni “Dreams”, dakika 7 na ushei, wenye solo ndefu ya Duane iliyobuniwa kweli. Sikatai. Lakini angalia ubunifu huo umesimama juu ya nini. Chini yake kodi mbili za muziki zinapokezana tu, na ngoma zinakwenda kwa tatu katika mwendo ambao Jaimoe alikiri waziwazi kuwa aliuchota kwa Jimmy Cobb, mpiga ngoma wa Miles Davis katika “All Blues”. Kwa kuwa kodi hazimpi Duane safari yoyote, inambidi aijenge kwa rangi ya sauti. Anaanza kwa vidole vitupu. Katikati anaingiza kile kichupa cha glasi cha dawa ya mafua, Coricidin, alichokuwa akikivaa kwenye kidole cha pete, na gitaa linaacha kukanyaga noti mojamoja, linaanza kuteleza kama koo la binadamu. Badiliko hilo moja ndilo linaloigawa solo na kuipa umbo.

Pingamizi zito zaidi ni la soko na la jukwaa. Santuri hii haikufika hata nakala 35,000 ilipotoka, na bendi ilipata jina kwa ile ya ukumbi wa Fillmore East, iliyorekodiwa jukwaani Machi 1971, ambamo “Whipping Post” unafika dakika 23. Kwa nini basi tusiseme ya kwanza ilikuwa mazoezi tu? Kwa sababu dakika hizo 23 zinasimama juu ya mstari uleule wa 11. Wanamuziki wanatoka mbali nao, wanapunguza sauti hadi karibu na kimya, nasi tunawafuata bila woga kwa kuwa tunajua nyumbani ni wapi. Upande wa sauti nakubali kasoro. Ilirekodiwa New York kwa muda mfupi Agosti 1969 chini ya mtayarishaji Adrian Barber, kwa kuwa Tom Dowd aliyetarajiwa kuishika kazi hiyo hakupatikana, na ngoma zimefifia kuliko zilivyostahili. Mwaka 1973 Dowd alipewa nafasi ya kuichanganya upya kwa ajili ya santuri ya “Beginnings”. Hakuna mpangilio uliobadilika, na mvuto ni uleule.

Wapo wanaoona kuwa tunachopenda ni huzuni tu, kwa vile Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki Oktoba 29, 1971, na Oakley akafuata kwa ajali kama hiyo mwaka uliofuata. Msiba huongeza uzito, lakini msiba hauwezi kufundisha nyimbo kwa wanamuziki waliokuja baadaye, wakazipiga kwa miaka zaidi ya 40 bila kuzimaliza. Onyesho la mwisho la bendi lilikuwa Beacon Theatre, New York, Oktoba 2014. Lilivuka saa sita ya usiku, likaingia tarehe 29, na wimbo waliofungia ulikuwa “Trouble No More” wa Muddy Waters: wa nne katika santuri hii, na wa kwanza kabisa bendi kuufanyia mazoezi mwaka 1969.