Televisheni ya "Watu Wetu" na Sikio la Jirani

Kituo cha Black Entertainment Television, ambacho Robert L. Johnson alikianzisha Marekani mwaka 1980 kwa ajili ya watazamaji weusi, hutajwa aghalabu kuwa kielelezo cha televisheni ya jamii moja. Yafaa kielelezo hicho kipimwe mahali kama Kaptembwo, mtaa wa Nakuru ambamo Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya na Mkisii hupanga vyumba katika ploti moja.

BET ilianza kwa saa mbili tu kwa juma; mwaka 2000 Johnson alikubali kuiuza kwa Viacom kwa kiasi cha dola bilioni 3. Hata hivyo, linalostahili kuzingatiwa hapa si fedha. Wahakiki wakali wa kituo hicho walitoka miongoni mwa wale wale waliokusudiwa kukitazama. Mwaka 2004 wanafunzi wa Spelman, chuo cha wanawake weusi mjini Atlanta, walipinga hadharani video ya mwimbaji Nelly iliyokuwa ikionyeshwa na BET usiku, kwa jinsi ilivyomdhalilisha mwanamke mweusi. Ubishi huo uliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ya Marekani nzima. Aliyetaka kuufuata aliufuata, awe mweusi au mweupe.

Inooro TV, mali ya Royal Media Services, ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2015, mwaka ule ule Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali. Haki yake ya kuwako haina shaka. Mkulima asiyejua Kiingereza anastahili kuelezwa habari za bei ya maziwa kwa lugha aliyolelewa nayo. Tena Kiswahili hakikosi lawama: kimeridhika na taarifa ya saa moja jioni na vichekesho, huku mijadala mizito ikiachiwa Kiingereza cha saa tatu.

Lakini kuta za Kaptembwo ni nyembamba. Jirani husikia kicheko asijue kinachochekwa. Akisikia kabila lake likitajwa katikati ya maneno asiyoyaelewa, hubaki kukisia. Mtaa huu ulikumbwa na ghasia za Januari 2008, na ripoti ya Tume ya Jaji Waki ya mwaka huo huo ilinakili malalamiko ya mashahidi juu ya redio za lugha za kienyeji. Inooro TV haikuwako wakati huo, wala si haki kuibebesha mzigo wa redio. Upungufu uliopo ni wa uhakiki. Idara za lugha huchambua riwaya na tenzi kwa bidii, ilhali tamthilia, matangazo ya biashara na vipindi vya simu vinavyoingia kila chumba kila jioni havipewi hata nusu ya bidii hiyo. Kinachohitajika ni uhakiki wake kwa Kiswahili, ili Mluo wa chumba cha pili naye aweze kubisha. Mwanafunzi aliyekulia katika ploti kama hizo aghalabu anazo lugha mbili tatu za majirani, na anaweza kuanza na kipindi kimoja tu cha jioni.