Msomaji wa Kwanza ni CR

Kila muhula vyuo vikuu vyetu hutuma barua pepe chungu nzima kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kila muhula dirisha la ofisi ya mikopo hujaa vijana wanaoapa kwamba hawakupata taarifa. Ofisi nayo hufungua kumbukumbu na kuonyesha kwamba ujumbe ulitumwa. Kila upande unasema kweli. Kutumwa ni jambo moja, kusomwa ni jingine, na jarida la wiki ambalo chuo hulituma kwa barua pepe hufaulu au hukwama katika hatua zilizopo katikati.

Hatua ya kwanza ni kupokelewa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamewabana watumaji wa ujumbe wa halaiki. Kwa Google, anayetuma ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti binafsi za Gmail lazima awe na vitu vitatu: SPF, yaani orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chake, DKIM, saini ya kidijitali inayosafiri na ujumbe, na DMARC, maelekezo ya kumwambia mpokeaji aufanye nini ujumbe ulioshindwa ukaguzi. Malalamiko ya wanaouripoti kuwa taka yasifike asilimia 0.3. Chuo chenye wanafunzi 10,000 waliojisajili kwa Gmail zao kinavuka kiwango cha ujumbe 5,000 kwa toleo moja tu.

Hapa pana mtego ambao mafundi wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Wanafunzi hupenda kuelekeza barua za anwani ya chuo ziingie zenyewe kwenye Gmail zao. SPF humkagua aliyefikisha mzigo mlangoni, kwa hiyo ujumbe ukipitia seva ya katikati, ukaguzi huo unaweza kufeli ingawa ujumbe ni halali. DKIM huvumilia safari hiyo, mradi maudhui hayakuguswa njiani. Programu ya kusambaza ikibandika mstari wa anwani ya ofisi chini ya ujumbe uliokwisha kutiwa saini, saini inaharibika na jarida linaweza kuishia kwenye taka. Dawa yake ni kupanga kazi: nyongeza zote zitangulie, saini iwe ya mwisho.

Hatua ya pili ni uzito. Mazoea ya ofisi zetu ni kuchapa barua yenye nembo, kuisaini, kuigonga mhuri, kuiskani, kisha kuiambatisha kama PDF. Faili ya megabaiti 3 ikiambatishwa hukua kwa takriban theluthi moja kwa namna barua pepe inavyofungasha viambatisho, ikawa 4. Ukiwatumia wanafunzi 20,000, seva imebeba gigabaiti 80 kwa tangazo la aya mbili, na anayelifungua kwa data ya simu analipia kwa bando lake. Isitoshe, barua iliyoskaniwa hivi hivi ni picha ya maneno tu. Wiki tatu baadaye mwanafunzi akiandika “usajili” kwenye kisanduku cha kutafutia, huenda barua hiyo isitokee. Maneno yawekwe ndani ya ujumbe wenyewe, na barua yenye mhuri ibaki kwenye tovuti kwa anayetaka kuiona.

Hata bila kiambatisho, ujumbe wenye mapambo mengi una adhabu yake. Gmail huukata ujumbe ambao msimbo wake unazidi kama kilobaiti 102, na kinachobaki hufichwa nyuma ya kiungo. Kwa kuwa majarida mengi hupangwa kwa vyeo, salamu za Makamu Mkuu wa Chuo zikitangulia na nafasi za ufadhili zikifunga mlango, kinachokatwa ni kile kile ambacho mwanafunzi alikuwa anakitafuta. Habari zipangwe kwa tarehe ya mwisho: inayofunga mapema ikae juu.

Hatua ya tatu ni mada. Skrini ya simu huonyesha herufi chache za mwanzo. “Jarida la Chuo, Toleo la 14, Juzuu la Pili” inazimaliza zote bila kusema kitu. “Usajili wa kozi unafungwa Ijumaa” inamaliza kazi hata kwa asiyeufungua ujumbe.

Hatua ya nne ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Katika vyuo vyetu wengi hawasomi jarida. Wanasoma kile ambacho CR, yaani mwakilishi wa darasa, amekinakili na kukitupia kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Mhariri anayelijua hilo huandika kila habari iweze kusimama peke yake ikishang’olewa kwenye jarida: nani anahusika, afanye nini, mwisho lini, aende ofisi gani, na tarehe ya kutolewa. Maneno kama “kama tulivyoeleza hapo juu” hayafai, maana huko grupuni hakuna juu. “Wiki ijayo” nayo iandikwe kwa tarehe, kwa sababu tangazo linaweza kuzunguka mwezi mzima. Tangazo feki la bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi, nalo likianza kuzunguka, nakala iliyo kwenye barua pepe ya chuo ndiyo ya kulilinganisha nayo. Kazi ya WhatsApp ni kufikisha. Ushahidi unabaki kwenye barua pepe.

Ndiyo maana idadi ya waliofungua haitoshi kuwa kipimo. Huhesabiwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana, kanakopakuliwa ujumbe unapofunguliwa. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kuzipakua picha hizo yenyewe hata kama mtu hajasoma, hivyo hesabu inavimba. Upande wa pili, CR akifungua mara moja na kuwafikishia wenzake 200, hesabu inasema moja. Ofisi inayotaka ukweli ihesabu waliojisajili kabla ya siku ya mwisho, waliokuja dirishani baada yake, na maswali ambayo majibu yake yalikuwa tayari jaridani. Swali likijirudia toleo baada ya toleo, mhariri ajue habari ile haikuandikwa vizuri, na aiandike upya kabla hajamlaumu mwanafunzi kwa kutosoma.