Sifa za Tamthilia Fupi

Katika nchi za kaskazini, ambako jua la Agosti huchelewa kutua na kila mwenye nafasi hukimbilia ufukweni, mtunzi wa tamthilia ndiye mtu asiye na likizo. Asubuhi yumo katika mazoezi ya mchezo wa robo saa. Alasiri anaongoza warsha ya utambaji wa hadithi. Na usiku, akiwa ameketi safu ya nyuma ya ukumbi usiozidi sebule ya mtu wa wastani, hautazami mchezo wake tena, ambao amekwisha kuuhifadhi, ila huitegea sikio hadhira, kwani watu wakianza kukohoa na kujigeuza vitini mahali pale pale kila siku, hapo pana maneno ya kukatwa.

Makao makuu ya shughuli hii ni Edinburgh, mji wa Uskoti, na asili yake ni kitendo cha udoezi kilichotiwa baraka. Mwaka 1947, Ulaya ikiwa bado inauguza majeraha ya vita, mji ule ulianzisha tamasha la sanaa na kuwaalika mabingwa. Vikundi vinane ambavyo havikualikwa na mtu vikaja kwa hiari yao, vikajitafutia kumbi, vikacheza. Mwaka uliofuata Robert Kemp, mtunzi wa tamthilia na mwandishi wa magazeti, akaitaja michezo hiyo iliyochezwa pembezoni mwa tamasha, na jina la Fringe likakaa hata leo, ambapo wadoezi wamewazidi waalikwa mbali sana. Hakuna kamati inayoamua nani acheze na nani asicheze. Insafu yataka niongeze kwamba uhuru huo una bei yake, maana kumbi na malazi ya Agosti ni ghali, na si haba warejeao makwao na sifa mkono mmoja na madeni mkono wa pili.

Lakini lililonivutia mimi ni adabu ambayo saa huwafunza watunzi pale. Ukumbi mmoja hupokea michezo mingi kwa siku, kila mmoja aghalabu ukipewa muda wa saa moja hivi, na mara pazia likifungwa wachezaji hawana budi kuondoa vyombo vyao upesi, kwa kuwa wenzao wamekwisha kusimama mlangoni. Basi makasri na ngazi za dhahabu hubaki ndotoni. Jukwaani hupandishwa kiti na sanduku, na yaliyosalia yote hubebwa na kauli. Chukua mathalan ndugu wawili wanaogawana nguo za marehemu baba yao. Mtunzi mchanga atawapa kurasa tatu za kueleza maradhi ya mzee, wasia wake na ugomvi wa tangu utotoni, bali mjuzi atamvisha mdogo koti la baba, limkae sawasawa, kisha mkubwa, baada ya kumtazama kwa kitambo, aseme: "Livue." Mirathi imo humo, na husuda imo, na hadhira, ambayo haikuambiwa kitu, imekwisha kujua yote. Samuel Beckett aliyajua haya alipomweka mzee mmoja mbele ya kinasa sauti katika Krapp's Last Tape mwaka 1958, akaupata umri mzima kwa muda usiofika saa. Miaka kadhaa baadaye alitunga mchezo mwingine, Breath, usiotimiza hata dakika moja wala kuwa na mchezaji anayeonekana. Huo, kwa maoni yangu, ni mzaha wa bingwa, na haufai kuigwa.

Ustadi huo wa kuacha hunolewa katika warsha. Edinburgh ina kituo cha wasimulizi, ubavuni mwa nyumba iitwayo ya John Knox, kilichofunguliwa mwaka 2006. Lakini warsha haihitaji jengo. Karatasi huwekwa kando, mmoja akamsimulia mwenzake hikaya, naye mwenzake akaisimulia upya mbele ya wote, na kila kilichosahauliwa njiani, mwenye hikaya hukubali, ingawa kwa uchungu, kwamba hakikuhitajika. Sisi tuliolelewa kwa "paukwa, pakawa" hatuoni ajabu. Ebrahim Hussein, aliyekwisha kutunga Alikiona kwa kufuata vichekesho vilivyokuwa vikichezwa katikati ya taarab, alikwenda mbali zaidi mwaka 1976 kwa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, akairudisha tamthilia kinywani mwa mtambaji mmoja, ambaye ndiye wahusika wote. Ni masikitiko kwamba kazi hizo mbili husomwa darasani mara nyingi kuliko kuchezwa, hali zinadai sauti.

Ya kwamba kidogo chaweza kuzaa kikubwa, yuko Phoebe Waller-Bridge, ambaye Fleabag yake ilianza kwa simulizi la dakika kumi alilolitunga kwa kuhimizwa na rafiki, kwa ajili ya usiku wa wasimulizi. Mwaka 2013 ikachezwa Edinburgh kwa muda wa saa moja, mwanamke mmoja juu ya kiti kimoja, na mwaka 2016 ikaingia televisheni, ikaenea duniani. Wengi huisifu kwa mwisho wake huo. Mimi, lau ningepewa hiari, ningenunua tikiti ya zile dakika kumi, nimwone mtunzi akigundua, mbele ya watu waliokuja kustarehe tu, ni maneno gani wataondoka nayo.